Saa ya Mama Nabintu Iliyokimbia Mchana

Nyinyi vijana mnaokaa barabarani na meza ndogo mkibadilisha vioo vya simu, nawaambia jambo hili mapema: kitu kilichoharibika usikiamini, na aliyekuletea usimwamini zaidi. Sisemi wateja ni watu wabaya. Mteja husema alichokiona, na macho yake hayakusomea redio. Atakuambia "ilizimika yenyewe tu," asikwambie kwamba kabla ya kuzimika mtoto aliimwagia uji.

Kazi hii niliianza Uvira, kule Kongo, nikaja nayo Durban, huku Afrika Kusini, nikaifanya miaka mingi kwenye kibanda karibu na soko la Warwick, mpaka macho yakaanza kuona waya mmoja kama miwili. Nikaweka chini mita ya kupimia umeme. Sasa nakaa chumbani kwangu kule Point, kwenye yale maghorofa ya zamani ambayo chumvi ya bahari hula misumari yake, lakini watu hawajaacha kunigongea mlango. "Papa Zaka, njoo uangalie kidogo tu." Hiyo kidogo tu ndiyo iliyonizeesha.

Aliyenifundisha kushuku kwa utaratibu alikuwa Mhindi mmoja wa Isipingo. Wote tulimwita Uncle Siva, na karakana yake ilikuwa nyuma ya duka la viatu. Siku ya kwanza alinipa redio akasema haisemi. Nikaifungua, nikapima transista, nikapima spika, nikanusa transfoma kama imeungua. Jasho likanitoka. Jioni akaja akabonyeza swichi ya soketi ukutani, redio ikaanza kuimba. Kwetu soketi hazikuwa na swichi, nitajuaje?

"Umeishuku redio," akaniambia kwa kile Kiingereza chake cha mbio. "Hukunishuku mimi, na hukuushuku ukuta."

Nilimchukia kwa wiki nzima. Baadaye nikamshukuru.

Siku hizi nawaona mnavyofanya. Bodi ikisumbua, mnaitupa na kuweka nyingine. Mkikwama mnafungua video kwenye simu, mnamsikiliza mtu wa nchi ya mbali anayesema haraka kuliko Uncle Siva. Siwalaumu, bodi za sasa zimekuwa na vipande vidogo kama mchwa. Ila kuna kitu video haiwezi kukuonyesha: nyumba ambamo kile kitu kilichoharibika kinakaa. Ndiyo maana nawasimulia habari ya saa ya Mama Nabintu, mambo ya juzijuzi tu, nikiwa nimekwisha kustaafu.

Alikuja kwangu kijana aitwaye Ombeni, jirani yangu wa ghorofa ya juu. Yeye ni fundi wa simu mjini, mikono myepesi, na anajijua kwamba ni myepesi. Alikuwa amemwundia mama yake saa ya umeme, ile inayouzwa vipandevipande ndani ya mfuko: bodi, taa nyekundu za namba, rezista, chipu, na wewe mwenyewe unakaa unachomea kimoja kimoja. Watu wa kazi huita kit. Mama yake aliposikia mwanawe amenunua "kiti" alifurahi sana, akadhani atapata cha kukalia.

Mama Nabintu ana kisukari na macho yake yamefifia. Kidonge chake cha jioni anatakiwa akimeze chakula kikiwa tayari mezani. Akimeza halafu asile, anatetemeka, anatoka jasho, anaweza kuanguka. Ndiyo maana Ombeni akachagua saa yenye namba kubwa, aone hata akiwa kitandani mlango ukiwa wazi.

"Basi shida iko wapi?" nikamwuliza.

Ombeni akafunga mlango wangu kwanza. Mtu akifunga mlango kabla ya kueleza habari ya saa, jua si habari ya saa.

"Papa Zaka, asubuhi naipanga sawa na simu yangu, naenda kazini. Nikirudi jioni naikuta mbele. Siku moja nusu saa, siku nyingine karibu saa nzima. Siku zingine haiko na shida kabisa. Jumapili tukiwa wote nyumbani, haiko na shida hata kidogo."

"Umeme ukikatika?"

"Ukikatika inarudi kwenye sifuri na kupepesa. Haiendi mbele." Akashusha sauti. "Iko mtu anaigusa."

Sikumwuliza ni nani. Nyumbani kwao mchana hubaki watu wawili tu, mama yake na mke wake, Riziki.

Nikamwuliza swali ambalo humwuliza kila mtu aliyeunda kitu kwa mikono yake: "Ulipomaliza kuchomea, kuna kipande kilibaki?"

"Hapana, Papa. Vyote viliingia."

Alijibu haraka. Nikaliona hilo nikaliweka pembeni. Nilishuku, lakini nilikuwa na mengine mengi ya kushuku.

Kesho yake nikapanda juu. Ile saa ilikuwa ukutani sebuleni, nikaitazama nikashtuka: ilikuwa inaonyesha tatu na dakika chache, na nje ilikuwa asubuhi. Nikasema moyoni, hii haikukimbia nusu saa, hii imepoteza akili. Nikaanza kusema mambo ya chipu kufa. Mama Nabintu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Zaka, sasa ni saa ngapi?"

"Saa tatu ya asubuhi, Mama."

"Na saa inasema nini?"

Inasema tatu. Mtoto wake alikuwa ameipanga kwa saa zetu, si za Wazungu, ili mama asihangaike kuhesabu. Nikajichekea. Miaka mingi ya kusoma tisa na kusema tatu ilikuwa imenitia upofu.

Riziki akatuletea chai. Ni dada mwembamba, mwenye maneno machache, anashona sare za shule na magauni hapo hapo nyumbani. Aliweka kikombe kimoja mbele ya mama mkwe wake, kimoja mbele yangu, akarudi jikoni. Mara tu alipotupa mgongo, Mama Nabintu akavibadilisha vikombe. Changu akakivuta kwake, chake akakisukuma kwangu, kimya kimya, huku akinitazama usoni kama anayeniomba nielewe.

Nikaelewa. Na nyinyi mngekuwa mimi mngefanya nini? Nilikunywa ile chai. Ilikuwa chai nzuri, lakini kila funda nililisikiliza likishuka. Nilipoinua macho, Riziki alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani ya mandazi mkononi. Alikuwa ameona. Akaweka mandazi mezani, akasema "Karibuni," na sauti yake haikutikisika.

Alipotoka kwenda kuanika nguo, Mama Nabintu akaniinamia. "Anasukuma saa mbele nikilala mchana. Mimi naamka, naona saa imefika, nameza dawa. Naomba chakula, ananiambia bado, eti simu yake inasema bado. Natetemeka hapa kama kuku wa mvua. Zaka, mwanamke huyu anataka kunimaliza na dawa yangu mwenyewe."

"Kwa nini afanye hivyo?"

"Mtu mwenye sababu nzuri ataisema. Mwenye sababu mbaya utamjua kwa kunyamaza."

Nitawaambia ukweli: mimi pia nilimshuku yule dada. Hesabu zote zilimwangukia yeye. Saa inakimbia mchana, na mchana yupo yeye. Mume akiwepo haikimbii. Nyuma ya saa kuna vitufe viwili, kimoja cha kusogeza namba haraka, kingine polepole, na mkono wowote unaweza kuvifikia. Fundi akiona dalili zinaelekea upande mmoja namna hiyo, hupiga mbinja na kuchukua kifaa chake.

Nikaichukua saa kwangu. Nikaifungua. Bodi ilikuwa imechomewa vizuri sana, viungo vinang'aa kama macho ya samaki mbichi. Nikavigusa kimoja kimoja kwa kijiti cha plastiki kuona kama kuna kilicholegea. Nikavisafisha vitufe, maana hewa ya bahari kule Point huvitia kutu vikajibonyeza vyenyewe. Nikaweka bodi karibu na taa ipate joto, nikaipeleka dirishani ipate baridi. Niliona matundu kadhaa matupu, lakini bodi za namna ile mara nyingi huwa na matundu ya kengele ambayo mfuko wa bei nafuu hauji nayo, na mwenye kuiunda alikwisha kuniambia vyote viliingia. Nikairudishia kava.

Saa ikakaa kwangu kama mgeni mwenye adabu. Asubuhi, mchana, jioni, sawa na simu. Haikukimbia hata kidogo.

Niliporudi nayo nikasema, "Kwangu imekaa sawa siku zote," na nilikuwa nataka kuendelea, niseme kwamba kukaa sawa kwangu si uthibitisho wa lolote, kwamba bado natafuta. Hawakunipa nafasi. Mama Nabintu alipiga makofi mara moja, pa! kama aliyepata hukumu aliyoingojea. Ombeni akamgeukia mke wake.

"Umesikia?"

Riziki akamjibu, "Nimesikia. Saa iko sawa. Basi mimi ndiye nimeharibika."

Akaingia chumbani. Nikamwambia Ombeni asikimbilie kusema, fundi hajamaliza. Akaitikia kwa kichwa tu, na alikuwa hanisikii. Baadaye nikajua alichokifanya asubuhi iliyofuata. Alibandika utepe juu ya vile vitufe viwili, akachora msitari wa kalamu kuvuka utepe na kava, ili mtu akiubandua na kuurudisha, msitari usikutane. Alikuwa anamtega mke wake.

Jioni ya siku hiyo nikasikia vishindo juu, halafu Riziki anaita jina langu kwenye ngazi. Nilipanda kwa magoti yangu haya mabovu. Mama Nabintu alikuwa sakafuni, ameegemea kiti, nguo imelowa jasho, macho yanaelea. Alikuwa amemeza kidonge kwa kufuata saa ya ukutani, na sufuria ndiyo kwanza ilikuwa inachemka. Riziki alikuwa amepiga magoti kando yake na glasi ya maji ya sukari, na yule mama alikuwa amekaza meno. Mtu anazimia, anapewa kinachoweza kumwokoa, na anakataa kufungua mdomo kwa sababu ya mkono unaompa.

"Mpe wewe, Papa," Riziki akasema. "Kwangu hatakunywa."

Nikachukua glasi. Mama Nabintu akaona ni mimi, akanywa. Polepole macho yakarudi mahali pake.

Ombeni akaingia, ametoka kazini. Jambo la kwanza, kabla hata ya kumwinua mama yake vizuri, aliangalia nyuma ya saa. Utepe ulikuwa mzima. Msitari ulikutana. Na saa ilikuwa mbele kwa karibu saa nzima.

"Haikuguswa," akasema. Nilidhani sasa atamwomba mke wake radhi. Lakini Mama Nabintu akanyanyua kichwa.

"Hata bila mikono," akasema. "Bwana Yesu, hata bila mikono!"

Mnaona mambo yalivyogeuka? Kabla ya utepe Riziki alikuwa mwovu. Baada ya utepe akawa mchawi. Kitu ambacho kingemwokoa ndicho kilichomzamisha. Habari ikafika kwa kina mama wa maombi anaosali nao Mama Nabintu, na kina mama wakaja wakamzunguka Riziki katikati ya sebule, wakaweka mikono juu ya kichwa chake, wakakemea. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza kulitokea nini. Yeye alisimama tu, amefumba macho, mpaka wakachoka.

Asubuhi yake akanigongea mlango. Nyuma yake niliona begi.

"Papa Zaka, nakwenda kwa dada yangu Pietermaritzburg. Lakini nataka kukuuliza kwanza. Wewe unaamini ni mimi?"

"Mwanangu, mimi simwamini mtu yeyote. Wewe sikuamini, mume wako simwamini, mama mkwe wako simwamini. Ile saa ndiyo siiamini kabisa."

Alicheka, na machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko. "Basi wewe ndiye unanifaa. Njoo ukae na mimi leo mchana. Kaa unitazame mikono yangu. Kama ni mimi, useme ni mimi. Begi nitaliacha mlangoni kwetu."

Nikaenda. Ombeni alikuwa kazini. Mama Nabintu aliponiona nimeketi sebuleni alifurahi, akadhani nimekuja kumlinda. Nikajiweka mahali ambapo naiona saa, meza, jiko na mlango. Na nilimtazama kweli yule dada, msinione mwema. Alipopita karibu na ukuta nilitazama vidole vyake. Alipofungua bomba nilitazama saa. Alipowasha jiko nilitazama saa. Birika la umeme, saa. Friji ilipounguruma, saa. Hakuna kitu. Saa ilikuwa imetulia kama shemasi.

Mama Nabintu akala cha mchana, akaenda kulala, akafunga mlango wa chumba. Akishalala yule mama, hata meli ikipiga honi bandarini haimwamshi. Riziki akaosha vyombo, akafagia, kisha akaketi kwenye cherehani yake ya umeme, pembeni, mgongo kwa ukuta wa saa. Akaweka kitambaa cha kijani, sare ya shule. Akakanyaga pedali.

Vijana, ile saa ina nukta mbili nyekundu katikati, zinazowaka na kuzima kwa mpigo ule ule, taratibu. Cherehani ilipolia, zile nukta zikaanza kupepesa mbio mbio kama jicho lililoingiwa na mchanga. Riziki akafika mwisho wa mshono, akaachia pedali. Nukta zikatulia. Akageuza kitambaa, akakanyaga tena. Nukta zikakimbia tena, na mbele ya macho yangu dakika ikaruka kabla ya wakati wake.

Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. "Riziki, shona!"

"Nashona, Papa."

"Shona, usiache! Geuka utazame saa. Kanyaga!"

Akageuka, mguu ukiwa kwenye pedali. Akaona. Akaachia, akakanyaga, akaachia, akakanyaga, kama mtoto anayejaribu taa. Halafu akaweka kichwa juu ya ile sare ya kijani, mabega yakamtikisika. Nilimwacha. Kulia kwa namna ile hakuna fundi wa kukutengeneza.

Sasa niwaeleze, maana hapa ndipo kuna somo la kazi. Saa ya aina ile haina moyo wake yenyewe. Inasikiliza umeme wa ukutani, ambao unapiga kwa mpigo ulio sawa, mara hamsini kila sekunde, na chipu inahesabu. Ikihesabu hamsini, sekunde moja imepita. Lakini pedali ya cherehani ya umeme inaukatakata ule umeme ili mota iende polepole au haraka, na mota yenyewe inatoa cheche ndogo ndani. Uchafu huo unarudi kwenye waya. Kwao soketi ni chache, kwa hiyo saa na cherehani vilikuwa vinanyonya waya mmoja wa extension. Chipu ikawa inahesabu uchafu pamoja na mpigo, mbili badala ya moja. Siku Riziki anashona sana, saa inakimbia sana. Jumapili hashoni. Na chumbani kwangu hakuna cherehani.

Lakini waundaji wa saa hizi si wajinga. Wanajua umeme wa nyumbani ni mchafu. Huweka kapasita moja ndogo mlangoni pa chipu, inayomeza ule uchafu na kupitisha mpigo safi. Nikaishusha saa, nikafungua kava, nikafuata njia kutoka kwenye transfoma mpaka kwenye chipu. Pale pale mlangoni, kati ya yale matundu niliyodhani ni ya kengele, mawili yalikuwa matupu na hayakuwa ya kengele.

Tukamngoja Ombeni. Alipoingia alikuta mama yake ameamka, amekaa, na mke wake amekaa kwenye cherehani, na mimi nina saa mapajani, tumbo wazi, waya wake bado kwenye umeme. Nikamwambia Riziki akanyage. Ombeni ni fundi, hakuhitaji maelezo. Alitazama zile nukta zikikimbia, rangi ikamtoka.

"Mwanangu," nikamwambia, "nakuuliza mara ya pili. Kuna kipande kilibaki?"

Aliyatazama yale matundu mawili. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kiberiti. Ndani kulikuwa na kapasita ya kahawia, ndogo kama punje ya dengu.

"Nilidhani ni ya akiba," akasema. "Saa iliwaka bila hii. Wakati ule ulipouliza..." Akashindwa. "Nisingeweza kukuambia wewe kwamba nilibakiza kipande."

"Kwa hiyo ukaona heri mimi," Riziki akasema.

"Sikujua ndiyo inasababisha, Riziki. Vraiment, kweli sikujua."

"Hukujua. Lakini uliulizwa."

Nikachomea ile punje kwa mikono yangu. Tukairudisha saa ukutani, Riziki akashona mshono mrefu kutoka mwanzo wa sketi mpaka mwisho. Nukta hazikushtuka.

"Sharp, iko sawa," Ombeni akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaka sifa bado.

Riziki akasimama, akakunja sare, akaiweka juu ya nyingine. "Saa mmeipatia dawa. Na mimi?" Akangoja. Mama Nabintu alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. Ombeni akaisogeza saa ukutani ikae wima. Riziki akachukua begi lake mlangoni, akashuka ngazi, na mimi nikamsindikiza mpaka kwenye robot, yale mataa ya barabarani, yakageuka, akavuka.

Ombeni alitaka kumfuata kesho yake. Nikamzuia. Nikamwambia aanze na wale waliomwekea mke wake mikono kichwani. Alikwenda kwenye kikundi cha maombi, akasimama mbele ya kina mama, akatoa mfukoni kapasita nyingine kama ile, akasema, "Pepo mliyemkemea ni huyu, na aliyemficha ni mimi." Wengine walicheka, wengine waliinamisha vichwa. Mmoja alisema kwamba hata hivyo maombi hayapotei. Watu wa namna hiyo hawakosekani.

Lakini aliyenishangaza ni Mama Nabintu. Siku kadhaa zikapita. Halafu akanituma nimwitie taxi. "Ombeni abaki," akasema. "Yeye ataongea sana. Wewe njoo, hujui kuongea."

Tukaenda wawili mpaka Pietermaritzburg. Dada yake Riziki alitufungua geti, akatutazama, akamwita mdogo wake bila kutukaribisha. Riziki akatoka, utepe wa kupimia shingoni, uzi umemkaa kwenye blauzi. Akasimama kizingitini.

"Mama."

"Nilikusingizia," Mama Nabintu akasema. "Nilisema utaniua. Nikawaambia watu. Ulinipa maji ya uzima nikakaza meno. Sikuja kukuchukua. Nimekuja kukuomba."

Akaanza kushuka chini apige magoti, pale pale kwenye saruji, yeye na miguu yake ile. Riziki akaruka akamdaka chini ya makwapa.

"Mama, usipige magoti! Watu wakiona mama mkwe ananipigia magoti, ndiyo watasema mimi ni mchawi kabisa!"

Mama Nabintu alibaki ananing'inia mikononi mwake, nusu amesimama, nusu amepiga magoti. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Riziki naye akashindwa kujizuia, wakawa wanacheka wote wawili huku wakilia, wameshikana, na yule dada wa getini akanitazama mimi kama ndiye mwenye kosa.

Walipomaliza, Riziki akajifuta uso kwa kiganja. "Nitarudi," akasema. "Lakini si leo. Ombeni atakuja mwenyewe, atakaa hapa mbele ya dada yangu, ataeleza. Na Mama, mimi nikiwepo, dawa hutameza kwa saa. Utameza nikiweka sahani mbele yako."

"Na kama sahani imechelewa?"

"Na dawa itachelewa."

Mama Nabintu akafikiri. Alikuwa bado na uso wake ule wa kushuku, nao hautabadilika mpaka tumzike. "Na utaweka nini kwenye hiyo sahani?"

"Ingia ndani uone," Riziki akasema, akampa mkono kuvuka kizingiti.